Maji Yana Wadudu

"Maji yenu yana wadudu," nesi alimwambia mama mwenye nyumba. "Chemsheni mpaka yatokote sawasawa, na msubiri mtu wa afya aje na dawa ya tangi." Kisha akamwita mgonjwa mwingine, maana benchi la zahanati lilikuwa limejaa mpaka mlangoni.

Mama mwenye nyumba alitoka na maneno hayo yote kichwani. Lakini njia ilikuwa ndefu na jua kali, na alipofika nyumbani yalikuwa yamebaki mawili tu: wadudu, na dawa.

Nyumba yake ilikuwa ya vyumba vinavyotazamana, katikati ua wa saruji, bomba moja kwa wote, na tangi jeusi la plastiki juu ya nguzo fupi za matofali. Alisimama katikati ya ua, mikono kiunoni, akapaza sauti.

"Mmesikia? Tunakunywa wadudu! Ndiyo maana watoto matumbo yanawaendesha."

"Wadudu gani?" aliuliza kinyozi toka mlangoni pake, kitana kikiwa kimechomekwa kwenye nywele.

"Mimi nitajuaje? Wadudu ni wadudu. Wewe chawa wa wateja wako huwa unawauliza majina?"

Wapangaji wakacheka. Hakucheka mama kijana wa chumba cha karibu na bomba. Alikuwa amekaa kizingitini na mtoto wake wa kike mapajani, mtoto ambaye hata kukaa peke yake alikuwa bado hajajua vizuri. Tumbo la mtoto huyo ndilo lililoanza kuharibika kabla ya matumbo ya wengine wote, na macho yake yalikuwa yameanza kuingia ndani.

"Wewe," mama mwenye nyumba alimgeukia, "si baba yako ndiye mwenye kazi hiyo? Mpigie."

Baba huyo watu walimwita Pampu, kwa ajili ya pampu aliyoibeba mgongoni maisha yake yote akipuliza kunguni, mende na siafu katika nyumba za watu. Jina hilo hakulikataa, ila hakupenda kuitwa mpuliza dawa. Alijiita mtaalamu wa wadudu. Utoto wake haukumpa shule, na sasa, mvi zikiwa zimemjaa, alikuwa anasoma darasa la jioni la watu wazima, na kila neno jipya alilolipata huko alikuja nalo kwa bintiye likiwa bado na joto.

Alifika mchana huohuo. Kwanza alimchukua mjukuu, akamwinua juu.

"Bibi! Habari za huko?" Alimwita bibi kwa sababu alikuwa na sura ya mama yake mzazi, paji la uso lilelile la ukali. Mtoto hakucheka kama kawaida. Pampu akamrudisha mapajani mwa mama yake taratibu, kama mtu anayerudisha kikombe kilichojaa.

"Nesi anasema nimpe maji mengi," binti alisema. "Anasema kinachoua ni kukauka."

"Basi maji yenyewe lazima yawe safi. Niachie mimi."

Alipanda ngazi, akafungua mfuniko wa tangi, akainamia ndani. Hakuhitaji kutafuta. Pale ambapo mwanga wa jua ulipiga kwenye maji, viluwiluwi vya mbu vilikuwa vikijipinda na kujinyoosha, vikipanda na kushuka kana kwamba vinacheza.

"Nawaona!" alipiga kelele toka juu. "Nesi hakukosea. Wamejaa tele!"

Ua mzima ulisikia, na ua mzima ulishangilia. Mtu akishaambiwa kuna wadudu, halafu akawaona kwa macho yake, atatafuta nini tena?

Dawa aliyokuja nayo ilikuwa kwenye chupa ya juisi iliyobanduliwa karatasi. Aliinunua kwa debe, kama wenzake wote wa kazi hiyo, akaigawa kwenye chupa ndogondogo. Ilikuwa dawa mpya, kali, na sifa yake kubwa ni kwamba haikuwa na harufu. Wenye nyumba walikuwa wamechoka kukohoa. Alimimina, akatazama, akaongeza kidogo kwa ajili ya ukubwa wa tangi. Viluwiluwi vilirukaruka, vikatetemeka, vikatulia.

"Leo msiyaguse," aliwaambia aliposhuka. "Kesho fungulieni bomba kidogo, halafu tumieni. Kipimo cha kumuua mdudu hakimfikii mtu. Na ya kunywa chemsheni. Dawa itakayobaki itapanda na mvuke."

"Mvuke huo hautatuua?" kinyozi aliuliza.

"Wewe utauawa na domo lako."

Binti yake alisikiliza kila neno. Alikuwa amelelewa na mikono iliyonuka dawa na hakupata hata siku moja kuugua kwa ajili yake. Kama baba amesema chemsha, atachemsha mara mbili.

Kesho yake alasiri, kabla ya darasa, Pampu alipita kukagua kazi. Kuzunguka tundu la maji machafu chini ya bomba, mende walikuwa wamelala chali, baadhi yao bado wakichezesha miguu. Hakuwa amepuliza hapo hata tone. Yalikuwa maji ya bomba tu yaliyofika.

"Dawa imekubali," alisema, akiwasukuma kwa ncha ya kiatu.

Paka wa mama mwenye nyumba alipita ukutani akiyumba. Miguu ya nyuma ilikuwa inaenda upande wake, ya mbele upande mwingine, na kifua chake kimelowa ute.

"Huyo naye?"

"Amekula mende waliokufa. Mfungieni ndani, msimwachie aokoteokote."

Kinyozi alikuwa amekaa nje ya chumba chake badala ya kuwa kazini. Alikuwa anafikicha macho. "Leo nimemkwangua mteja sikio," alisema. "Wembe niliuona huku, sikio lilikuwa kule. Macho yamepata ukungu."

"Uzee huo."

"Uzee gani, mzee? Wewe si ndiye ungekuwa kipofu?"

Pampu alicheka, akaingia kwa bintiye. Mtoto alikuwa amelala ubavu, udenda umelowesha kanga ya kulalia na shingo nzima. Jasho lilikuwa limemkaa juu ya mdomo kama umande, ingawa chumba hakikuwa na joto la kutisha.

"Tumbo bado, baba. Na sasa ni udenda na machozi. Hata halii, lakini machozi yanatoka tu."

Pampu alipitisha kidole kwenye ufizi wa mtoto. "Meno hayo. Meno huja na mambo yake. Mpe maji, mama. Mpe mengi. Umechemsha?"

"Mara mbili. Nayaacha yatokote mpaka yabaki nusu ya sufuria."

"Hapo sawa." Akampapasa mtoto kichwani, akaondoka kwenda darasani. Nyuma yake alisikia kijiko kikigonga ubavu wa kikombe.

Darasa lilikuwa katika chumba cha shule ya msingi, na wanafunzi wakubwa walikaa kwa tabu kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa mbao. Mwalimu alikuwa kijana mwembamba aliyewaamkia wote kabla ya kuanza, na aliyewasahihisha kwa heshima ya mtu anayesahihisha wazazi wake.

Jioni hiyo alichora mstari wima katikati ya ubao. Juu ya safu ya kushoto aliandika MENDE, juu ya kulia BAKTERIA.

"Leo tunalinganisha. Hawa wawili wote tunawaita wadudu, si ndiyo?"

"Ndiyo," darasa likajibu.

"Tutaona kama wanastahili jina moja."

Pampu alikunja mikono. "Mwalimu, kwa heshima yako. Mdudu ni mdudu. Kuna wakubwa, kuna wadogo. Huyo wa pili ni mdogo tu mpaka haonekani."

"Mtaalamu ameshamaliza somo," fundi viatu alisema kutoka nyuma. "Mwalimu, futa ubao twende nyumbani."

Watu walicheka, naye mwalimu akacheka. "Basi mtaalamu atusaidie safu ya kushoto. Mzee, mende ana nini?"

Hakuna swali lingine duniani ambalo Pampu angelipenda zaidi. Alisimama. Mende ana miguu sita, alisema, na vipapasio viwili vya kunusia. Mayai yake anayaweka katika kifuko kigumu, na kifuko hicho dawa haipenyi, ndiyo maana lazima urudi mara ya pili. Hapumui kwa mdomo, anapumua kwa matundu ya ubavuni. Ukimkata kichwa ataendelea kutembea kwa siku kadhaa, mpaka kiu imuue. Chaki ya mwalimu ilikimbia nyuma ya maneno yake na safu ya kushoto ikajaa mpaka chini. Hata fundi viatu alinakili.

"Vizuri sana, mzee. Sasa safu ya kulia. Bakteria ana miguu?"

Mwalimu alihamia safu ya kulia na chaki yake, akajijibu.

"Hana. Kichwa? Hana. Mayai? Hatagi, anajigawa vipande viwili, na kila kipande ni bakteria mzima. Tumbo hana, moyo hana. Ni chembe moja tu yenye ngozi yake." Kila alichokitaja alikiandikia "hana", na safu ya kulia ikawa neno moja lililojirudia mpaka chini. "Sasa mzee, tuambie. Dawa ya mende inamuuaje mende?"

"Inamkamata mishipa ya fahamu," Pampu alijibu, bado amesimama. "Hiyo ndiyo siri yake. Haimchomi, haimkati. Inaivuruga mishipa, basi mwili hausikii tena amri. Anatetemeka, anatoa ute, miguu inakwenda kila mmoja kivyake, mwisho anapinduka na pumzi inakatika."

"Na bakteria, ambaye mishipa ya fahamu hana?"

Pampu alitazama ubao.

"Dawa hiyo haina pa kumshika," mwalimu alijijibu. "Unaweza kumwogesha nayo. Ataishi tu. Bakteria wa kwenye maji tunamuua kwa moto, au kwa dawa ya klorini."

"Kwa hiyo," mama mmoja wa dawati la mbele aliuliza, "nesi akisema maji yana wadudu..."

"Anasema hawa." Mwalimu aligonga safu ya kulia. "Ni lugha yetu tu imewapa jina moja. Wenye mishipa ya fahamu kama mende ni sisi."

Fundi viatu alitaka kusema neno la kuchekesha, lakini alimwona Pampu usoni akaliacha. Mzee alikuwa ameshika ukingo wa dawati kwa mikono miwili.

"Mwalimu. Dawa hiyo ya mende ikiwa kwenye maji. Ukichemsha, inatoka?"

"Nyingi hazitoki, mzee. Kinachoondoka ni maji. Sumu inabaki sufuriani. Ukizidi kuchemsha unazidi kuikoleza."

Pampu alitoka nje bila kuomba ruhusa, simu ikiwa tayari sikioni. Iliita mpaka alipoanza kusema na hewa: pokea, mama, pokea.

"Baba?"

"Mtoto asinywe hayo maji."

"Maji gani? Haya nimechemsha, baba, mara..."

"Usimpe! Hata tone!"

"Kamaliza chupa sasa hivi. Na amelala, baba. Leo amelala vizuri, hata hasumbuki. Nimejaribu kumgeuza, amekaa hivyohivyo nilivyomweka."

Mwalimu alikuwa na pikipiki. Hakuuliza mengi, aliyoyasikia mlangoni yalimtosha. Walipofika uani, mama mwenye nyumba alikuwa anapika, na mvuke ulitoka chini ya mfuniko wa chungu.

"Mwaga!" Pampu alimpigia kelele akipita.

"Nimwage chakula changu? Una wazimu?"

Hakusimama kumjibu. Mtoto alikuwa mlegevu kama nguo iliyoloa, na alipopumua, kifua kilitoa sauti ya maji yanayochemka chini kabisa ya sufuria. Binti alipanda pikipiki katikati yao, mtoto kifuani. Njiani, mara moja tu, aligeuza kichwa kumwelekea baba yake, aliyekaa nyuma yake amemshika mabega, akauliza, "Umetia nini kule?" Upepo ulikuwa mkali, na Pampu aliufanya kuwa sababu ya kutosikia.

Zahanati ilikuwa karibu kufungwa. Nesi ni yuleyule. Alimlaza mtoto kitandani, akamfungua nguo, akatikisa kichwa.

"Huyu namjua. Wa nyumba ile ya tangi. Hao wadudu wamemzidi sasa." Alimgeukia daktari aliyekuwa anakuja akivaa glavu. "Kuhara, daktari, siku nyingi. Maji yao tuliyapima. Nitundike dripu na ile sindano ya bakteria?"

"Tundika," daktari alisema.

Pampu alisimama ukutani. Kila mtu chumbani alikuwa na uhakika, na uhakika wao ulikuwa unamsitiri. Angenyamaza, mtoto angekufa kwa wadudu. Cheti kingeandikwa hivyo, ua mzima ungelia hivyo, na yeye angebaki mtaalamu. Mwalimu alikuwa nje anaegesha pikipiki. Binti alikuwa amemshika mtoto unyayo, macho kwa nesi, akiamini kila kitu alichoambiwa kama alivyoamini tangu jana.

Nesi alivunja kichupa cha dawa, akaanza kuivuta kwenye bomba la sindano.

"Siyo hao," Pampu alisema.

Hakuna aliyemsikia. Akasogea mpaka kitandani.

"Siyo wadudu wako, nesi. Nimetia sumu ya mende kwenye tangi. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Mtoto amekunywa tangu asubuhi."

Binti aliinua uso. Pampu hakumtazama, kwa sababu angemtazama asingemaliza.

"Sumu gani?" daktari aliuliza, sauti yake imebadilika.

Chupa haikuwa na karatasi, lakini yeye alilijua debe ilimotoka kama alivyojua pampu yake. Alitaja jina, akataja nguvu yake, akaonyesha kwa vidole kiasi alichomimina. Daktari tayari alikuwa amefunua kope za mtoto. Mboni zilikuwa zimesinyaa zikabaki kama tundu la sindano.

"Acha hiyo," alimwambia nesi. "Niletee atropini ya kupambana na sumu. Haraka. Na wewe dada, mvue nguo zote, tunamwosha."

Walifanya kazi juu ya mwili ule mdogo. Sindano, kungoja, kutazama mboni. Sindano nyingine. Nesi alivuta ute kwa mpira mwembamba, na ukawa mwingi kuliko mtoto wa kimo kile alivyostahili kuwa nao. Mara pumzi ilisimama na daktari akamwekea mtoto usoni puto la kusukumia hewa, akalibana, akawa anapumua kwa niaba yake. Mwalimu aliingia, akaona, na Pampu akamshika mkono.

"Rudi kule. Fungua bomba, tangi liishe lote. Waambie hata kunawa wasinawe."

"Wakiniuliza kwa nini?"

"Waambie ni mimi."

Mwalimu aliondoka mbio. Baadaye, hakuna aliyejua ni baada ya muda gani, ute ulianza kukauka. Mboni zikafunguka polepole. Mtoto akakohoa, akakunja paji la uso, akalia, kilio chembamba chenye hasira, na nesi akakaa chini kwenye kiti cha kwanza alichokiona.

Pampu alinyoosha mkono kuelekea kitandani.

"Usimguse," binti yake alisema. Hakupaza sauti. "Kaa huko huko, baba."

Alirudisha mkono, akarudi ukutani.

"Bado hajapona," daktari alisema. "Hii hurudi. Usiku kucha atahitaji sindano nyingine, na nyingine." Alifungua kabati la dawa, akatazama ndani kwa muda mrefu kuliko kabati dogo kama lile linavyohitaji kutazamwa. Atropini ilikuwa imebaki kidogo. Akalifunga. "Mzee, tangi hilo wanakunywa wangapi?"

Pampu akaanza kutaja chumba kwa chumba. Kinyozi na mkewe. Mwanafunzi wa ufundi. Mjane mwenye mapacha. Wale vijana wa karakana, ambao wakirudi kazini hunywa bombani moja kwa moja. Daktari alikuwa bado ameegemea mlango wa kabati kana kwamba kuna mtu anayetaka kuliiba.

Hakufika mwisho. Nje kulikuwa na honi, kisha kishindo cha watu wengi getini, na sauti ya mama mwenye nyumba, nzito, inayoburura maneno, ikimwita mlinzi afungue haraka.

"Wana nini hao?" mlinzi aliuliza.

"Wadudu!" mama mwenye nyumba alijibu, kama mtu aliyepishana na mwalimu njiani bila kukutana naye. "Wametuzidi, baba, fungua!"

Nesi alimtazama daktari, daktari akamtazama mtoto kitandani, kisha kabati. Pampu alijisukuma kutoka ukutani, akatoka kwenda kuwapokea getini, kwa sababu ilibidi mtu awaambie, na aliyekitia tangini kitu walichokunywa alikuwa ni yeye.